Piano ya Da-on, Ghorofa ya Saba

Jumatatu, 4 Septemba

Hye-rang amepiga simu wakati namenya viazi vitamu. Mwalimu wa piano wa Da-on amesema mtoto amefika pahali pa kuwa na piano yake nyumbani, mazoezi ya kule darasani hayamtoshi tena. "Mama, wewe ndiye unayejua mambo haya. Utuambie tununue ya aina gani."

Furaha! Nimeweka kisu chini. Maisha yangu yote nimefundisha muziki shule ya kati, nusu ya miaka hiyo kwa kinanda cha kukanyaga kilichokohoa zaidi ya kuimba, na mwanangu mwenyewe hajaniuliza swali hata moja la muziki tangu alipoacha kujifunza akiwa msichana mdogo. Leo ameuliza. Nikavuta kiti, nikakaa. Nikaanza na lile ambalo kila mnunuzi anapaswa kujiuliza kabla hajaingia dukani: nani atapiga, atapigia wapi, saa ngapi, na nani atasikia bila kupenda—

"Mama mkwe alishampeleka dukani Jumamosi," akasema Hye-rang. "Kuangalia tu."

Kuangalia tu! Mtu haendi duka la piano kuangalia tu na mtoto wa miaka minane.

Huyo ni Bi. Ok Geum-ran, mama yake Tae-seop, mume wa Hye-rang; mimi na yeye huitana Mkwe. Anakaa Bundang, na kwa gari lake kutoka pale hadi Suwon kwa watoto ni karibu tu. Mimi niko Daejeon, treni kisha basi. Yeye humwona Da-on kila wiki. Mimi huonyeshwa Da-on kwenye simu, nusu ya uso na dari. Na juu ya hayo yeye ni bibi, mimi ni bibi wa nje. Ndivyo lugha yetu inavyomwita mzaa mama, hata kama ndiye aliyemwogesha mtoto kitovu hakijakauka. Da-on ana akili, hatumii neno hilo. Kwake mimi ni Bibi wa Daejeon na yule ni Bibi wa Bundang. Sawa kwa sawa.

Ila Bibi wa Bundang ndiye aliyekwenda dukani.


Jumatano, 6 Septemba

Nimeamka na hamu ya kueleza. Hakuna wa kumweleza, basi naandika.

Piano ya kulala ndiyo ile ya majukwaani. Nyuzi zimelala, nyundo hupiga kutoka chini kisha huanguka zenyewe kwa uzito wake, kwa hiyo kidole kinaweza kurudia sauti moja upesi ajabu. Inataka chumba kikubwa na mpigaji aliyekomaa. Ukiiweka kwenye chumba kidogo ni sawa na mtu anayekupigia kelele sikioni. Piano ya kusimama, nyuzi zake zimesimama. Nyundo zake huenda mbele na kurudishwa kwa msaada wa springi, kwa hiyo inachelewa kidogo, lakini inakaa ukutani kama kabati na sauti yake ni sauti ya kweli, mbao na chuma. Ya umeme haina nyuzi kabisa. Sauti ya piano ya kulala imerekodiwa ndani yake, na mpigaji akibonyeza anaiamsha. Zamani nilizicheka. Siku hizi zipo zenye vibao vyote themanini na vinane, vizito kama vya piano halisi, na ukichomeka hedifoni jirani atasikia tok-tok ya vidole tu, na pengine hata hiyo hataisikia.

Sasa mahitaji. Mtoto mdogo, vidole vinaendelea kukua. Fleti, ghorofa ya saba. Sakafu ya moto, yenye mabomba ya maji moto chini yake, ambayo majira ya baridi hukausha mbao mpaka zinapasuka. Anarudi kutoka masomo ya ziada jioni, muda anaoweza kupiga ni usiku. Ghorofa ya sita kuna mama mwenye kichanga, na kila usiku spika ya ukutani ya ofisi ya jengo inawakumbusha wakazi wasikimbie ndani wala wasipige ala za muziki. Jibu ni lipi? Mwanafunzi wangu wa nyuma kabisa angenyoosha mkono. Ya umeme, yenye vibao vizito, na hedifoni nzuri. Akikua, akiwa bado anapenda, ndipo tuzungumze habari za nyuzi.

Nimeyasoma tena haya. Ni ushauri mzuri sana kwa mjukuu wa mtu mwingine.

Kwa sababu piano yangu hii hapa. Ya kusimama, ya kahawia, iliingia nyumba hii mwaka Hye-rang alipoanza shule, marehemu baba yake akitembea kinyumenyume mbele ya wachukuzi akiwaonyesha njia kana kwamba analeta bibi harusi. Kama kwa Da-on kutakuwa na kitu kikubwa kutoka kwa bibi mmoja, kitu kisichohamishika, ambacho mtoto atakikalia kila siku na kumkumbuka aliyekitoa, basi kitoke kwangu.

Nimempigia Hye-rang. Nimemwambia: ya kusimama, tena wasinunue, watapewa yangu. Amesema wacha wafikirie.

Wafikirie nini?


Jumamosi, 9 Septemba

Suwon. Chakula cha mchana kwa watoto. Bi. Ok alikuwepo. Bila shaka alikuwepo.

"Mkwe, umekonda!" Hata viatu sijavua. "Au ni hiyo nguo?"

"Ni nguo, Mkwe. Wewe umenawiri."

Amenenepa, na anajua nilichosema. Tukainamiana kwa adabu, kila mmoja akijaribu kuinama chini zaidi ya mwenzake.

Nilileta kimchi, achari ya majani ya ufuta niliyoifunga mwenyewe, jani kwa jani. Yeye alileta mbavu za kuchoma. Da-on alikula mbavu. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Kisha akaanza. Piano aliyoiona ni nyeupe. Ya kulala, ndogo. Da-on alipoikalia kila mtu dukani aligeuka. "Kama binti mfalme," anasema, huku akimtolea mtoto nyama kwenye mfupa. Nikauliza kwa upole chumba gani. "Sebuleni, Mkwe! Sofa si itatoka?" Tae-seop alikuwa ameegemea sofa hiyohiyo. Akatazama supu yake.

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, taratibu, habari za nyuzi zilizolala, ukubwa wa chumba, sakafu ya moto. Bi. Ok alisikiliza huku anatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza utabiri wa hali ya hewa wa mji mwingine.

"Na wewe nasikia unataka kuwapa ile ya kwako," akasema nilipomaliza. "Si imeizidi ndoa yao umri?"

"Piano njema huzeeka vizuri, Mkwe."

"Kama sisi!" Akacheka, akanipiga bega. "Ila sisi tunapaka rangi nywele."

Hye-rang alisimama kwenda kuleta matunda, na tulimsikia akikata peasi kwa nguvu zisizohitajika na peasi.

Baadaye nilimkuta Da-on chumbani. Alikuwa anapiga ukingo wa meza kwa vidole, wimbo mzima, bila sauti. Alipokosea alisita, akarudi nyuma, akarekebisha. Sijawahi kuona mtoto akijisahihisha kimya! Karibu machozi yanitoke.

"Bibi," akasema bila kugeuka, "kuna piano ambayo wengine hawasikii? Mpaka mimi nitake wasikie?"

"Kwa nini, mjukuu wangu?"

"Bibi wa Bundang anapiga makofi hata nikikosea. Na wewe unavuta pumzi."

"Navuta pumzi?"

"Hivi." Akavuta pumzi puani, ghafla, mabega juu. Nilijiona mwenyewe, nimesimama nyuma ya madawati.

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu Jumatano. Nikasema, "Piano ni ya kusikika, Da-on." Akaitikia kwa adabu, ndiyo Bibi, akaondoa vidole mezani.

Adabu ile imenifuata njia nzima hadi Daejeon.


Jumanne, 12 Septemba

Bi. Ok amebadilisha picha yake ya wasifu kwenye simu. Da-on amekaa kwenye kiti cheupe, mbele ya piano nyeupe, na Bi. Ok nyuma yake ameweka mikono mabegani mwa mtoto. Maneno chini: "Furaha ya uzee wangu."

Wangu!

Nimeikuza picha kwa vidole viwili. Mgongo wa mtoto umepinda, kiti kiko juu mno, miguu inaning'inia. Hakuna aliyemrekebishia kiti. Nimefurahi sana kuliona kosa hilo, kisha nikaona Da-on anatabasamu, furaha ikaisha.

Nimeamua. Sitasubiri wafikirie. Piano ikishaingia ndani hakuna atakayeitoa, ni nzito kuliko ubishi. Nimechukua kalenda ya duka la dawa, ile yenye tarehe za mwezi mwandamo kwa maandishi madogo, kutafuta siku isiyo na pepo. Siamini mambo hayo. Nimesoma, nimefundisha. Pepo wanaozunguka pande za dunia na kuwafuata wanaohamisha vitu, kisha siku ya tisa na ya kumi wanapanda mbinguni kupumzika kama watumishi wa serikali! Mama yangu hakuhamisha hata mtungi wa mchuzi wa soya bila kuitazama kalenda. Mimi siamini. Lakini hii ni piano.

Jumamosi ya tarehe 23 ni ya tisa kwa mwezi mwandamo. Safi kabisa, tena kabla ya sikukuu ya mavuno. Kampuni ya wachukuzi wamelalamika kwamba siku hiyo nchi nzima inahama, lakini nafasi wamenipatia. Nimewaambia wasipige simu Suwon. Nitawashtukiza.


Jumatatu, 18 Septemba

Mzee Pyo amekuja kuilinganisha piano sauti. Nimemwambia akaze kila kitu, inasafiri. Akauliza inakwenda wapi, nikamwambia kwa mjukuu, fleti, ghorofa ya saba. Akanitazama kidogo. "Wana hedifoni?" akauliza, akacheka mwenyewe mzaha wake. Sikucheka.

Jioni Hye-rang. Wanafikiria ya umeme. Mama unaonaje?

Nimemwambia vidole vitaharibika. Nimesema kwa sauti yangu ile ya darasani, ambayo hakuna mzazi aliyewahi kuibishia. Akasema, "Haya, Mama."

Si kweli kwamba vitaharibika. Ilikuwa kweli zamani, kwa zile nyepesi kama za kuchezea watoto. Basi nimedanganya kwa kutumia ukweli uliopitwa na wakati. Hilo nalo ni namna ya ufundi.


Alhamisi, 21 Septemba

Nimeipiga kwa mara ya mwisho, mchana, dirisha wazi. Jirani wa chini ameniambia kwenye lifti kwamba atakosa kitu cha kulalamikia.

Wachukuzi watakapoiondoa kutabaki mstatili kwenye sakafu, rangi ya zamani ya mbao. Nitaweka nini hapo? Da-on kwenye picha, labda. Kwenye kiti changu, mgongo wima.


Jumamosi, 23 Septemba

Naandika kwenye benchi la uwanja wa watoto chini ya jengo lao, Suwon. Sijui nina hasira au nataka kucheka.

Nilikuja na lori la wachukuzi, mbele na dereva. Tulipoingia uwanjani lilikuwepo lori jingine. Kila mlango wa jengo una watu wanaohama leo, makabati juu chini, ngazi ndefu za mashine za kupandishia mizigo zimeegemea madirishani kama twiga. Lakini lori lile nililitilia shaka kabla halijafunguliwa. Likafunguliwa. Kitu kirefu, kimefungwa mablanketi, kimesimamishwa kwa ubavu, miguu yake imeng'olewa na kuwekwa kando. Blanketi limeteleza kwenye kona. Nyeupe.

Kisha skafu ya zambarau ikatokea upande wa pili. "Mkwe!"

"Mkwe!"

"Na wewe siku hii hii?"

"Kalenda ya duka la dawa," nikasema.

"Ya kwangu ya benki," akasema.

Tulitazamana. Basi naye hakuwaambia. Naye alitaka kuwashtukiza. Nilimchukia vibaya sana, kama mtu aliyevaa nguo yako.

Mwenye ngazi, kijana wa kofia, akaja akiwa na haraka. Ngazi ni moja kwa upande huu wa jengo, akasema, na ana kazi nyingine inamngoja. "Akina mama, nani kwanza?"

"Tangulia, Mkwe," nikasema.

"Hapana, hapana. Wewe umetoka mbali."

"Wewe ni upande wa baba. Si haki mimi nipite mbele."

"Lakini umri, Mkwe! Umri ni wako."

Ananizidi wekundu wa mdomo tu, tumepishana mwaka. Nikainama. "Tafadhali. Nasisitiza." Na nilisisitiza kwa sababu sebule ile nilishaipima kwa macho siku ya mbavu. Piano ya kulala haiwezi kukata kona ya jikoni sofa ikiwa ndani. Ipande. Ikwame. Watu waone. Kisha yangu iingie kwa heshima, iende ukutani inakostahili.

Akanishukuru! Kijana akaifunga, mashine ikaunguruma, piano nyeupe ikaanza kupanda. Nakiri ilikuwa nzuri kuitazama. Bi. Ok alikuwa ameshika skafu yake kwa mikono miwili, mdomo wazi kama msichana.

Ilikuwa usawa wa ghorofa ya nne Hye-rang alipotoka mlangoni mbio, ndala miguuni, nywele hazijachanwa. "Simamisha! Simamisha!" Kijana akasimamisha. "Mama!" akapiga kelele. Tukageuka wote wawili. "Mnafanya nini?"

"Siku haina pepo," akasema Bi. Ok.

"Haina kabisa," nikasema mimi. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tumekubaliana.

Hye-rang akakaa kwenye ukingo wa barabara. Akacheka, akafunika uso, akacheka tena. Piano wameshanunua, akasema. Ya umeme. Imeletwa Alhamisi. Walitaka kutuambia siku ya sikukuu, wote wawili pamoja, asiwepo wa kwanza wala wa pili.

"Alhamisi!" Bi. Ok akashika kifua. "Alhamisi pepo wamejaa tele!"

"Nani aliwashauri?" nikauliza. Niliuliza kwa sababu nilitaka liwe jina la mtu ninayeweza kumkasirikia.

"Da-on. Alimwuliza mwalimu wake kama kuna piano ambayo wengine hawasikii mpaka yeye atake." Kisha akanitazama mimi, bila ukali. Ukali ungenisaidia. "Nilikuuliza pia, Mama. Ukasema vidole vitaharibika."

Bi. Ok akageuka. "Vinaharibika?"

Juu kule mzee wa ghorofa ya nne alikuwa amefungua dirisha, anaikagua piano iliyomjia.

"Hapana," nikasema. "Haviharibiki."

Bi. Ok alinishika kiwiko kidogo, akakiacha. Ningependelea angenicheka.

Ndipo Da-on akashuka. Nguo za nyumbani, hedifoni kubwa shingoni, nyeusi, zimefanya kichwa chake kionekane kidogo. Akatuinamia vizuri. Akasema wimbo uko tayari, na anataka tuusikie, lakini hedifoni ni moja, kwa hiyo mmoja mmoja. "Nani kwanza?"

Hakuna aliyesema tangulia wewe.

Hakuna! Tulisimama pale, wazee wawili waliolelewa vizuri, kila mmoja amekaza macho kwa mtoto. Da-on akasubiri, kisha akaamua kama wanavyoamua kwao darasani: jiwe, karatasi, mkasi, kwa ishara za mkono. Mbele ya wachukuzi wote! Nilitoa mkasi. Bi. Ok alitoa jiwe, linalovunja mkasi. Aliruka.

Sasa yuko juu. Mimi niko benchini. Piano yangu iko ndani ya lori, imefungwa, wachukuzi wangu wanakunywa kahawa ya mashine. Piano nyeupe bado iko hewani, usawa wa ghorofa ya nne. Mama wa ghorofa ya sita ametokeza roshani na kichanga mgongoni, anaitazama chini kule kama mtu anayesubiri hukumu. Kijana wa ngazi amekuja kuniuliza, "Mama, hii inapanda au inashuka?" Nimemwambia amwulize mwenyewe akirudi.

Harudi. Wimbo wenyewe ni mfupi, niliuona kwenye meza ile, najua unapoishia. Anausikiliza mara ya pili? Ya tatu? Amemwomba arudie? Na atapiga makofi, ninamjua, hata akikosea, na mtoto atatabasamu vilevile—

Kuna jambo ninalijua. Piano za umeme, chini ya ubao wa mbele, upande wa kushoto, nyingi huwa na matundu mawili ya hedifoni. Si moja. Waliozitengeneza walimfikiria mwalimu na mwanafunzi, lakini yanawatosha watu wowote wawili. Da-on bado hajaligundua la pili, lingekuwa limeshatumika. Bi. Ok hawezi kujua. Na mimi nina hedifoni zangu za treni mkobani. Nimezitoa. Ziko hapa mapajani, waya umefungamana, ninaufungua huku naandika.

Nikimwambia Da-on, tutasikia wote kwa pamoja, mimi na yule. Nisipomwambia, zamu yangu itakuwa yangu peke yangu.

Lifti imefika chini. Mlango umefunguka, hakuna aliyetoka. Waya umefunguka. Najizoeza kuvuta pumzi bila sauti. Mabega chini. Polepole. Tena—